Soli za Qaunaq

Haya yalimpata rafiki yangu Qaunaq, na mimi ndiye niliyemsindikiza uwanja wa ndege hapa Resolute, kaskazini kabisa mwa Kanada. Mama yake alikuwa mahututi kule Grise Fiord. Ilikuwa saa sita mchana, lakini Desemba kwetu jua halichomozi, ni giza totoro.

"Kilomita mia tatu na themanini tu," rubani alimwambia. "Saa moja na dakika ishirini, umefika."

"Kwa kopo lako hili? Kaza mwendo, bwana!"

Begini Qaunaq alibeba viatu vipya vya ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya barafu, soli ngumu kama ubao. Kwetu soli hulainishwa kwa meno, na za Qaunaq alizitafuna mama yake tangu utotoni.

Alikuwa abiria pekee. Walipopaa tu, akasikia mtu akitafuna nyuma yake, gizani kwenye mizigo. Alitafuna polepole, bila kupumzika, hadi magurudumu yalipogusa theluji.

Dada yake alimpokea akilia. "Umechelewa, kaka. Mama alitutoka pale tu redio ya uwanjani iliposema mmeruka."

Qaunaq akafungua begi. Soli ya kulia ilikuwa laini, imelowa mate, bado ina uvuguvugu. Ya kushoto ilikuwa imetafunwa nusu.