Kompyuta ya Marehemu

Yalimkuta rafiki yangu, fundi kompyuta, mchana kweupe. Mjane mmoja alimwita nyumbani: kompyuta ya marehemu mumewe iliwaka, ikasema inajirekebisha, ikazima, ikawaka tena, wiki nzima, haisikii dawa. Mapazia yalifungwa, chumba giza. Fundi, kama kawaida yake, alianza kwa kuchomoa kibodi kwenye mashine, akaipakata. Feni ikavuma, ikanyamaza, ikavuma. Mara ya tisa mashine ikafunguka, ikaomba nywila.

"Mama, unaijua?"

"Aliijua mwenyewe," alijibu mjane kwa macho makavu. "Akiandika kwa kidole kimoja, polepole."

Tak.

Kwenye kioo cha kompyuta, penye nafasi ya nywila, kikaingia kitone kimoja. Tak. Cha pili. Fundi akainamisha kichwa. Kibodi ilikuwa mapajani mwake, waya ukining'inia, na kitufe kimoja kilikuwa bado kimebonyea.