Hodi kwa Azara

"Karatasi moja haipo," alisema Ekuwa.

Mwalimu Afful, mwenyekiti wa Chama cha Historia cha mji wa Anomansa, aliacha kumenya karanga. "Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu. Mia moja hamsini na tano. Imekatwa kwa wembe, tena na mtu mwenye mkono mzuri."

Lilikuwa daftari la ubatizo la tangu mwaka 1866. Chama kililiokoa kwenye stoo ambako mchwa walishaanza kulisoma kabla ya watu, na wiki mbili baadaye lilikuwa liwekwe kwenye maonyesho ya mji. Chama chenyewe kilikuwa na wanachama kumi na mmoja, feni moja, na kanuni moja isiyovunjwa: anayefungua kitabu anaandika jina lake kwenye kikaratasi cha njano, anahesabu karatasi kabla ya kusoma na anazihesabu tena akimaliza.

Ekuwa akachomoa kikaratasi cha mwisho. Kabla: 156. Baada: 155. Sahihi: Fiifi Bentsil.

Mwalimu Afful akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Mwizi gani huyu anayejaza fomu?"

Ekuwa hakucheka. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi wazee wa Fiifi walikuwa wanakuja nyumbani kwa kina Ekuwa na chupa za pombe ya jini kubisha hodi, maana ndivyo posa ya Kifante inavyoanza. Miaka mitatu alikuwa anaisubiri Jumamosi hiyo. Akatoka nje na simu, akaandika:

*Karatasi iko wapi?*

Jibu lilikuja upesi mno.

*Ekuwa nakuomba. Usiniulize mpaka Jumamosi ipite.*

Akapiga.

"Fiifi, mimi ni katibu wa chama. Na ni mimi ninayetaka kuolewa na wewe. Chagua unamjibu nani."

"Yule anayetaka kuolewa."

"Basi huyo ndiye aliyekasirika zaidi. Imeandikwa nini hiyo karatasi?"

"Nimefanya kwa ajili yako."

"Nilikutuma?"

Fiifi akakata simu. Ekuwa akabaki anaitazama ile simu kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga.

Lakini wino wa zamani una umbea wake. Kitabu kikifungwa miaka mingi, maandishi huacha kivuli kwenye ukurasa unaotazamana nayo, yamegeuka kushoto kulia. Ekuwa alirudi mezani, akatoa kioo chake cha poda, akakiegemeza kwenye daftari na kusoma polepole.

*Ruth. Jina la kwao Azara. Miaka kumi na moja hivi. Amenunuliwa soko la watumwa la Salaga. Nyumba ya Essuman.*

Chini yake palikuwa na mstari mwingine, ila pale wino haukushika.

Nyumba ya Essuman ilikuwa nyumba yao. Na Ruth alikuwa ndiye yule bibi mkubwa wa ukoo ambaye, kila msiba na kila harusi, walimsifu kuwa binti wa mfalme. Anomansa watu hugombana, hutukaniana pua na hata upishi wa mama mkwe, lakini lipo jambo moja hakuna anayeligusa: humwambii mtu asili yake. Mwiko huo ni mkubwa kuliko kanisa.

Nyumbani alimkuta Nana Aba, bibi mzaa mama yake, anakula kenke ya unga wa mahindi na samaki wa kukaanga.

"Nana, bibi yako Ruth alitoka wapi?"

Mkono wa Nana ukasimama njiani. "Nani kakwambia?"

"Wino."

Nana akanawa mikono. Alichukua muda mrefu kunawa.

"Nilikuwa nalala mapajani mwake," alisema. "Alikuwa na chale tatu kila shavu. Nikimuuliza, anasema kakwaruzwa na paka. Siku ya kufa kwake aliacha Kifante, akawa anaita watu kwa lugha ambayo mle ndani hakuna aliyeijua. Aliita mpaka jioni. Hakuna aliyemjibu."

"Mbona hamkusema?"

"Tuseme ili iweje? Ukifika urithi unaambiwa nyie wa kununuliwa, kaeni nyuma. Mama yangu akasema ni binti wa mfalme, na watu wakatukubalia uongo wetu kwa adabu." Akamtazama mjukuu wake. "Unalia nini? Mimi nimelia tangu nina miaka saba, imetosha kwa wote."

Ijumaa mchana Fiifi alikuja mwenyewe ofisini kwa chama, macho mekundu, kwapani ana jalada. Mwalimu Afful akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya posta.

"Mjomba wangu anachunguza kila kitu," alisema Fiifi. "Angeisoma kwenye maonyesho, angevunja posa. Nikaona bora niitwe mwizi."

"Ungeniambia."

"Nikwambie asili yako? Mimi? Kinywa kingenikauka."

Moyo wa Ekuwa ukalainika. Alimpenda huyu bwana, na kwa miaka mitatu hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile. Alinawa, akakausha mikono, akafungua jalada ili aone kama karatasi imeumia. Haikuumia. Na mstari wa pili ulisomeka vizuri kabisa.

*Aliyemnunua na kumleta: K. Bentsil, mfanyabiashara.*

Akausoma mara mbili.

"Fiifi, ulikata kwa ajili ya nani?"

"Nimeshakwambia."

"Umeniambia mstari wa kwanza. Niambie wa pili."

Feni ilizunguka. Fiifi akavuta kiti, lakini hakukaa.

"Wa kwanza uliniumiza," alisema. "Wa pili ndio ulionifanya nichukue wembe. Niliogopa ukijua babu yangu alimnunua bibi yako, hutanitazama tena vile."

"Vile vipi?"

"Vile ulivyokuwa unanitazama sasa hivi, kabla hujafungua jalada."

Ekuwa akalifunga. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyomtisha Fiifi.

"Ya babu yako sikudai wewe. Ninachokudai ni kwamba umenidanganya kwa jina langu. Sikia. Kesho njooni kama mlivyopanga. Karatasi hii utakuja nayo, na utaisoma wewe, mistari yote miwili, mbele ya mjomba wako. Usiposoma, chupa zenu mtarudi nazo."

"Mjomba atanifukuza."

"Labda. Mimi nitakuwepo sebuleni, utaniona."

Usiku ule Ekuwa alimweleza Nana yote, naye Nana akaridhia. Jumamosi walikuja watu sita. Mjomba Kobina, mkuu wa familia ya Fiifi, aliingia na mkongojo wake na goti lake bovu, akakaa, akakohoa na kuanza kama ilivyo desturi.

"Tulikuwa tunapita zetu, tukaona humu ndani kuna ua zuri."

"Ua lipo," alisema Nana Aba. "Ila kabla ya habari za maua, kijana wenu ana kitu cha kusoma."

Fiifi akasimama. Kwenye neno Salaga akainua uso. Akamtafuta Ekuwa kwa macho, akampata, akaendelea. Alipofika kwenye jina la Bentsil alilitamka wazi, wala hakulimeza. Akakaa, shati limelowa mgongoni.

"Wewe mtoto umerogwa?" Mjomba Kobina alisema taratibu. "Haya hayasemwi. Ni mwiko."

"Mwiko ni kutaja asili ya mwenzako," Nana akajibu. "Sisi tumeridhia kutaja yetu, na kijana wako ametaja yenu. Nani kavunja nini?"

Mzee akatazama kofia yake. "Sasa Nana, unataka nini kwetu?"

"Mmekuja na chupa ngapi?"

"Mbili."

"Zibebeni, mtoke nje."

Ekuwa akainuka. "Nana," alisema.

"Tulia wewe, sijamaliza. Mtoke nje, mfunge mlango, mbishe upya. Mlipomchukua Azara kwao, hakuna aliyebisha hodi."

Mjomba Kobina alitazama mlango, akatazama goti lake, akamtazama Nana Aba kwa muda mrefu. Kisha akashika mkongojo, akainuka na kutoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, Fiifi akawa wa mwisho. Mlango ukafungwa.

Ekuwa alidhani wamekwenda zao. Kisha hodi ikasikika, mara tatu.

"Nani?" Nana akauliza.

"Ni sisi, watu wa Bentsil," mzee akajibu.

"Mnamtaka nani?"

"Tumekuja kwa Azara, Nana. Tunaomba ruhusa."

Nana Aba akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Akamwashiria mjukuu wake. Ekuwa ndiye aliyekwenda kufungua. Alipoulizwa mara tatu, kwa desturi, kama chupa zipokelewe, akajibu ndiyo mara tatu, na ya tatu hata majirani waliisikia.

Jumatatu asubuhi karatasi ilirudishwa kitabuni kwa gundi ya unga wa ngano. Mwalimu Afful alisimamia, baada ya kuficha nyembe zote za chama. Kisha kikajazwa kikaratasi kipya cha njano. Kabla: 155. Baada: 156. Chini yake sahihi mbili, Essuman na Bentsil.