Mpangaji wa Ndani ya Jiwe

Maji ya mtungi yalikuwa na chumvi.

Mwanamvua aliyatema uani, akacheka. "Elida, haya umeyachota Uvinza, kwenye visima vya chumvi?"

Elida alikuwa ameyachota ziwani asubuhi ile, palepale wanapochota wenyeji wote wa Ujiji. Akayamwaga, akachota mengine. Kufika adhuhuri, nayo yalikuwa chumvi tupu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Elida alikuwa amevuka ziwa kutoka Baraka, Kongo, yeye na binti yake Dunia wa miaka sita, wakikimbia vita. Mwanamvua, mjane asiye na mtoto, akawapa chumba. Elida akapata kibarua cha kupasua kokoto ufukweni.

Siku mbili nyuma, nyundo yake ilipasua bamba la jiwe likafunguka mapande mawili. Ndani amelala nge. Urefu wake mkono mzima, mkia wa pingili, na miguu ya nyuma imepanuka kama makasia. Mwalimu mmoja aliyekuwa akipita alisema huyo ni mdudu wa baharini, aliyegeuka jiwe kabla binadamu hajaumbwa, na jamaa zake wote walikwisha kutoweka. Pande moja lilikuwa limeshapondwa kokoto. La pili Elida alilibeba nyumbani, Dunia alitazame, kisha akaliweka mvunguni.

Sasa Dunia alikataa uji. Alikunywa yale maji ya chumvi kata kwa kata, midomo ikampasuka, na bado akataka mengine.

Siku ya tatu, jua la utosi, Elida alisikia kitu kikijikokota chumbani, kwaru, kwaru, akainama kuchungulia mvunguni asione kitu ila mfuo vumbini, umelowa, una vidoa viwili viwili kila upande, unanuka shombo ambayo si ya dagaa wala ya samaki yeyote aliyewahi kumpara, akaufuata kwa macho kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mkeka alikolala mwanawe, na hapo mkekani mfuo ukaishia.

"Dada," alimnong'oneza Mwanamvua, "kimeingia. Hakikutoka."

Mwanamvua alimleta Mzee Sefu, mtaalamu wa kupunga majini. Akafukiza ubani, akasoma, akampulizia mtoto. Dunia akafumbua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, inagugumia kama maji shimoni.

"Nani kavunja nyumba yangu?"

"Toka kwa mtoto," Mzee Sefu alisema. "Rudi kwenu."

"Kwetu wapi? Bahari yangu iko wapi? Watu wangu wako wapi?"

Mzee Sefu akarudi nyuma, jasho likimtoka. "Mama, huyu simwezi. Jini hufukuzwa arudi kwao. Huyu hana kwao."

Elida akapiga magoti. "Ni mimi niliyevunja. Nilikuwa natafuta chakula. Mimi nami nimetolewa kwangu."

Ile sauti ikamgeukia.

"Kwako kuko wapi?"

"Ng'ambo ya ziwa."

"Nyumba ipo?"

"Ipo."

"Nani anaikaa?"

Mwanamvua akamfinya mkono. "Usimjibu, mdogo wangu! Usimjibu!"

Lakini damu ilikuwa ikimtiririka Dunia mdomoni.

"Hakuna mtu," Elida alisema. "Kakae wewe. Niachie mwanangu."

Mtoto akatapika maji, mengi kuliko tumbo lake. Kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mama, nina njaa."

Alasiri hiyo wanawake wale wawili walipiga kasia hadi kwenye kina, wakalishusha jiwe kwa kamba. Kamba ikavutwa kutoka chini, ikawaponyoka mikononi. Ziwa lilikuwa limetulia tuli. Juu yake ukajichora mfuo ulionyooka, ukaelekea Kongo, bila haraka.

Miaka ikapita. Watu wa Baraka walipoanza kurudi, Pastory, jirani wa zamani wa Elida, alifika Ujiji kumchukua.

"Mama Dunia, twende. Nyumba yako imesimama, hata bati hawajang'oa." Akasita, akashusha sauti. "Ila haifunguki. Wanasema imefungwa kwa ndani."

Elida hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.

"Nenda salama, kaka," alisema. "Ile ina mwenyewe."