Soda ya Mjomba

Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Mimi nikivumilia, nazimia kabla haijaiva.

Na siku hiyo nilikuwa nimevumilia mpaka midomo imekufa ganzi. Mabakuli yamefunikwa mezani, mvuke unapenya pembeni mwa vifuniko, na Mjomba wa mchumba wangu amesimama kichwani mwa meza. Mwalimu mkuu mstaafu. Umeme hukatika, yeye hakatiki.

"Ndoa," alisema, "ni shule."

Ukoo mzima ukatikisa vichwa. Nilikuwa nimeletwa hapo ili wanione, na yeye ndiye wa kutaja tarehe ya harusi. Nikamgusa mchumba wangu goti chini ya meza. Ni fundi wa majokofu, mtaa mzima unamwita Baridi.

"Baridi. Nashuka."

"Unashuka wapi?"

"Sukari inashuka! Nimeshachoma sindano. Si wewe uliyeniambia?"

Ujumbe wake bado ulikuwa kwenye simu yangu. Niliusoma bafuni kwao, nimekalia kifuniko cha choo na kalamu ya insulini mkononi, kwa sababu aliniomba nisijichome mbele za watu. "Choma sasa mpenzi, wanapakua." Nikachoma. Insulini ikishaingia mwilini haijui hotuba wala itifaki. Inataka chakula, na usipoipa, inakugeukia wewe.

"Vumilia kidogo," alininong'oneza. "Anamalizia."

"Anamalizia nini? Ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza."

"Rangi, tafadhali. Usiniaibishe."

Rangi ni mimi. Nachora mabango ya maduka, na kucha zangu hazijawahi kutakata tangu nianze kazi hiyo.

"Mkoba wangu uko wapi? Glukosi yangu imo humo."

"Dada ameupeleka chumbani. Kwa heshima ya mgeni."

Heshima hiyo ilikuwa upande wa pili wa mashangazi waliobanana kwenye benchi kama vitabu kabatini. Kuwaruka nilihitaji miguu, na miguu ilikuwa imeshaniaga. Jasho la baridi likanishuka mgongoni. Uso wa Mjomba ukawa nyuso mbili, zote zinahutubia.

"Darasa la pili," zikasema zile nyuso, "ni subira."

Mezani palikuwa na chupa moja tu ya soda iliyofunguliwa. Ilikuwa mbele yake yeye, ikimsubiri amalize. Nikanyoosha mkono, nikaichukua, nikainywa. Si kwa kuonja. Niliinywa mpaka hewa ya mwisho, kimya chote kile kikisikiliza koo langu. Kisha, Mungu anisitiri, nikapiga mbweu.

Mjomba akavua miwani.

"Naona mwenzetu," alisema polepole, "amehitimu kabla ya mtihani."

"Huyo atamngoja mume atoke kazini kweli?" shangazi mmoja akadakia. "Si atakuta sufuria limelambwa!"

Wakacheka. Baridi akasimama, nami nikashukuru moyoni. Nikajua sasa atasema.

"Mumwie radhi, Mjomba. Ni vidonda vya tumbo. Vinamsumbua sana."

Nikamgeukia, mikono bado inatetemeka. Vidonda vya tumbo? Vya nani?

* * *

Wiki nzima simu yangu haikupumzika.

"Mjomba amegoma. Anasema bila kuombwa radhi hataji tarehe."

"Muombe wewe."

"Si mimi niliyekunywa soda yake."

Nikampigia Baridi.

"Niambie jambo moja tu. Kwa nini vidonda vya tumbo?"

Nikasikia mashine ikiunguruma karakana kwao.

"Mama alimzika baba kwa sukari, Rangi. Walimkata mguu kwanza. Baada ya matanga akasema sukari haitaingia tena nyumbani kwake. Ningemwambiaje kwamba namletea nyingine?"

"Mimi si sukari nyingine. Mimi ni mtu."

"Najua, lakini..."

"Na yangu si kama ya baba yako. Yake ilimjia ukubwani. Mimi kongosho langu lilifunga duka nikiwa darasa la tano, halikuacha hata tangazo mlangoni."

"Mimi najua yote hayo!"

"Ndiyo maana inaniuma. Asiyejua ningemsamehe siku ileile."

Nikakata simu. Sikuwa hata na hasira. Nilikuwa nimechoka.

Uchovu huu siujui nianzie wapi kuueleza. Kabla hujala, unapiga hesabu. Kabla hujatembea, unapiga hesabu. Ukilia sana, sukari inapanda. Ukicheka na kucheza kwenye harusi ya mwenzako, inashuka. Ncha za vidole zimekuwa chujio kwa kuzitoboa kupima damu. Na juu ya hayo yote kuna watu. "Ulikula pipi nyingi utotoni, ee?" "Mbona mwembamba hivyo, sukari si ya wanene?" "Kuna majani jirani yangu alichemsha, akapona kabisa." Unatabasamu, unaeleza. Kesho unaeleza tena. Nafanya kazi ya kongosho na ya kwangu pia, na likizo hakuna.

Baridi ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumweleza. Alikuja kutengeneza jokofu langu, akafungua mlango, akaona vichupa vya insulini karibu na barafu. Hakuuliza ni vya nani. "Hivi vikiganda vimekufa," alisema, akavihamishia rafu ya chini. Kesho yake akarudi bila kuitwa, ameleta kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya jokofu. Wenzangu wameletewa maua. Mimi nilimpendea kipimajoto.

Sasa mtu huyo, nikiwa nazama mbele ya macho yake, akaniambia nivumilie.

* * *

Walikuja karakana kwangu, Baridi na mama yake. Nilikuwa juu ya ngazi, namalizia bango la duka la viatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Shuka huko tuongee, shingo yangu si ya twiga."

Nikashuka. Akakalia debe tupu la rangi, akalikalia kama kiti cha enzi. Baridi akabaki mlangoni.

"Mwanangu," mama akaanza, "mimi sikuja kugomba. Vidonda vya tumbo hata mimi ninavyo. Lakini toka nivipate, sijamnyang'anya mtu soda mdomoni."

Nikamtazama Baridi. Baridi akatazama viatu vyake.

"Utasema wewe," nikamwuliza, "au niseme mimi?"

"Aseme nini?" mama akauliza. "Kuna nini?"

Baridi akapiga hatua moja ndani.

"Mama, si vidonda. Ni sukari. Anachoma sindano tangu mtoto. Yeye hakudanganya mtu, nilidanganya mimi."

Mama alishika ncha ya mtandio wake akawa anaukunja, anaukunjua.

"Sukari," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo mnataka nizike tena."

Ilikuwa zamu yangu, nami sikuwa na nguvu za kupamba maneno.

"Mama, sikuja kwenu kuzikwa. Najipima, najichoma, napanda ngazi hii kila siku na rangi mkononi. Nitakufa siku yangu ikifika, kama wewe. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo. Nimechoka kuwaahidi watu."

Nilidhani atanyanyuka aende. Badala yake akauliza, sauti imeshuka:

"Siku ile mezani. Mikono ilikuwa inatetemeka?"

"Ndiyo."

"Na jasho? Lile la baridi?"

"Mpaka gauni likaloa."

"Ulimwambia huyu?"

"Nilimwambia. Akaniambia nivumilie, Mjomba anamalizia."

Mama akageuka na debe lake zima kumkabili mwanawe.

"Wewe."

"Mama, nilikuwa..."

"Baba yako alipokuwa akishuka, nani alikimbilia jikoni kukoroga maji ya sukari?"

"Mimi."

"Nani alikuwa anakutuma?"

"Hakuna. Nilikuwa nakimbia tu."

"Basi miguu ile umeipeleka wapi?"

Jitu zima na spana zake mfukoni, midomo ikaanza kumcheza.

"Nilimwogopa Mjomba," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Niliogopa, Rangi. Sina neno jingine. Nisamehe."

"Nimekusikia."

"Kusikia si kusamehe."

"Si kusamehe, ndiyo. Lakini wiki nzima nilikuwa hata kukusikia sikusikii. Anza na hilo."

Mama akatoa simu kwenye mkoba, akabonyeza, akaweka sauti kubwa.

"Kaka, ni mimi. Yule binti hana vidonda vya tumbo. Ana sukari. Ilimshuka mbele ya macho yako, nawe ukaendelea kufundisha."

Upande wa pili pakawa kimya. Kwa Mjomba, kimya ni habari ya kutangazwa redioni.

"Mbona hamkuniambia?" alisema hatimaye.

"Mwanangu alituficha wote. Nimeshamshughulikia."

"Haya. Nimeelewa. Kumbe alikuwa mgonjwa." Akakohoa. "Mimi si mtu wa makuu, dada yangu, unanijua. Mpe simu. Aniombe radhi, neno moja tu, kwa heshima ya ile meza, nami leo hii nataja tarehe. Lakini asiponiomba, msinitafute. Sitasimama na kijana wako mbele ya watu, na ukoo utanifuata mimi."

Mama akaifunika simu kwa kiganja.

"Mwanangu, mpe hilo neno. Mimi nimemwomba radhi maisha yangu yote, nusu yake bila kosa. Ni pumzi tu, inatoka, inapotea."

"Mama, mwache," Baridi akasema.

"Nyamaza wewe, harusi ni yako!"

"Ndiyo maana nasema mwache. Mjomba asipokuja, nitasimama mwenyewe."

Mara ya kwanza namsikia akisema hivyo kwa sauti inayofika mlango wa pili. Nilimtazama, nikahisi kitu kikilegea kifuani. Kidogo tu. Kisha nikanyoosha mkono kwa mama, akanipa simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, binti. Nakusikiliza."

Ingekuwa rahisi. Neno lenyewe dogo kuliko sindano, na ulimi wangu umelizoea. Nimeomba radhi kwa walimu kwa kutafuna darasani. Nimeomba radhi kwa mabosi, kwa makondakta, kwa watu wa foleni, kwa waumini walionigeukia pakiti ya biskuti ilipolia katikati ya sala. Nimeomba radhi kwa kutokufa mahali pasipofaa. Mama alikuwa amenikazia macho. Baridi alikuwa amekuja kusimama kando yangu, begani kwake kuna doa la rangi yangu na hajaligundua.

"Mjomba, wewe ni mzazi wangu. Ukinikaribisha tena nitakuja, nitakuamkia, na maji ya kunawa nitakumiminia. Ukipanga tarehe nitashukuru. Usipopanga, nitasikitika sana, maana huyu kijana wenu nampenda, na hilo sitalificha. Lakini radhi kwa soda ile siombi."

"Hata neno moja, binti?"

"Hata nusu, Mjomba. Siombi."