Dada wa Watu Wote

Nyumbani kwetu hapa Katoro siku inaanza na ufagio. Pikipiki hazijaanza kelele zao barabarani, mjukuu wangu Mbuke ameshafagia uwanja, ameshateka maji, anakuja kugonga dirisha langu. "Shikamoo babu." Namwitikia marahaba, namuuliza kama uji upo. Anasema uji upo ila sukari imeisha, hata kama sukari ipo. Anapenda kunitania huyo. Ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Wazazi wake wako Ushirombo wanalima mpunga, wakamleta kwangu kwa sababu shule iko karibu, na mimi nachonga mipini ya majembe hapo nje, kwa hiyo mtu mzima hakosekani nyumbani.

Nataka niwasimulie habari yake na ya dada yake Martina. Nimemwomba ruhusa kwanza, na Blessing, mwenzake wa darasa, nimemwomba pia. Mtasikia mbele kwa nini ruhusa ni kitu kikubwa.

Martina alikuwa chuoni Shinyanga, anasomea maendeleo ya jamii. Muda wote huo Mbuke alikuwa anamngoja. Kitu kikitokea, kuku kaangua mayai ya bata, mtu kaanguka paredi, anasema, "Hii nitamwambia dada akirudi." Alikuwa na akiba ya maneno huyo mtoto, gunia zima.

Basi Martina akarudi, na kazi tayari anayo. Shirika moja limemchukua azunguke kwenye shule, awafundishe watoto stadi za maisha baada ya masomo. Bure, hakuna mchango. Majirani hawakuamini. Kuna mzee alikuja hapa kuniuliza hiyo bure ni bure ya nani, maana bure za mjini mwisho wake zinaomba kuku. Wengine walisikia neno semina wakaenda na vikombe vyao, wakijua semina ina soda. Wakakuta watoto wamekaa duara, wanafundishwa kuvuta pumzi wakiwa na hasira, kusema hapana bila kutukana, na kukaa wawili wawili, mmoja anaongea mwingine amefunga mdomo. Wakarudi wananung'unika kwamba kufunga mdomo hakuhitaji chuo. Mimi naona kunahitaji.

Siku ya kwanza ya kwenda kwenye shule ya Mbuke, wakiwa bado nyumbani, Martina alimwambia mdogo wake, "Kule shuleni usiniite dada, watasema nakupendelea. Niite mwalimu." Mbuke akakubali. Halafu wakafika kwenye lile duara, Martina akaona watoto wamejikunja kwa woga, akawaambia wasimwogope, yeye siyo mwalimu, wamwite Dada Martina. Hakukumbuka alichosema asubuhi. Darasa zima, mpaka watoto asiowajua hata ukoo wao, dada, dada, dada. Aliyezaliwa naye tumbo moja ndiye pekee anayesema mwalimu.

Wivu wa Mbuke ulianzia hapo. Ungeweza kuishia hapo hapo kama angesema. Hakusema.

Jioni Martina akirudi, Mbuke anamfuata jikoni na lile gunia lake la habari. Martina anajilaza kwenye mkeka, anasema, "Niache kidogo mdogo wangu, leo nimesikiliza watu wengi." Mbuke anatoka nje anakaa karibu yangu, anavunjavunja vipande vya mbao ninavyochonga. Nikadhani amechoka na shule. Na shuleni kila siku ya semina ana kazi ya kuangalia: dada kacheka na nani, dada kampa nani kanga ya kujifunika mvua, dada kamwita nani kwa jina. Chakula akawa anachokoa tu. Mwenyewe ameniambia baadaye kwamba akimsikia mtu anasema "dada kaniambia hivi," anachukua begi lake anahamia dawati lingine.

Aliyemuuma kuliko wote ni Blessing. Blessing ni msichana mpole, mama yake Aneth anauza wali na maharage karibu na stendi. Kila semina ikiisha, Martina anabaki na Blessing nyuma ya jiko la uji wa shule, wanaongea wenyewe. Mbuke anangoja getini na begi mgongoni, anaangalia watoto wanaisha mmoja mmoja.

Alhamisi moja akashindwa kungoja. Akazunguka kwa nyuma, akachutama nyuma ya rundo la kuni. Akasikia Blessing analia. Anasema mjomba wake Valerian, mdogo wa mama yake, ana kibanda kwenye makarasha, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa, na yeye akitoka shule anakwenda kumsaidia. Anachanganya mchanga uliosagwa na zebaki, ile dawa inayokamata dhahabu. Anaichanganya kwa mikono mitupu kwenye beseni. Siku hizi vidole vinatetemeka, hata kuandika ni shida, na anaogopa kusema nyumbani kwa sababu kodi ya chumba anatoa mjomba.

Martina akamwambia maneno haya: "Hili siwezi kuliacha lilivyo, Blessing, linakuumiza. Ila sitamwambia mtu kabla hatujakubaliana, mimi na wewe, tuanze na nani."

Wakakubaliana Jumapili Martina aende taratibu kwa Mama Blessing, wakae wazungumze kama watu wazima, halafu waende kituo cha afya, na afisa ustawi wa jamii aelezwe. Mpango mzuri. Lakini Mbuke pale kwenye kuni, habari ya zebaki haikumgusa. Kilichobaki masikioni mwake ni "mimi na wewe" tu.

Kesho yake mwalimu wa hesabu akamwita Blessing ubaoni. Chaki ikawa inacheza, namba saba ikatoka kama nyoka. Watoto wakacheka. Kuna mmoja anaitwa Marselino, huyo hakosi neno, akauliza huyu vipi leo. Mbuke akajibu kwa sauti ya kutosha dawati tatu: "Ni zebaki hiyo. Anamwoshea mjomba wake dhahabu kwa mikono. Kamwambia dada yangu."

Ameniambia alipolisema hilo "dada yangu" alisikia raha. Raha yenyewe haikufika hata mapumziko.

Maana mapumziko Marselino alikuwa ameshatengeneza utani. Akawa anampita Blessing anajitikisa mwili mzima, anasema, "Mpokeeni simu huyu, yuko vaibresheni." Watoto wakavunjika mbavu. Blessing alichukua daftari zake akaenda nyumbani, na Jumatatu hakuja.

Maneno ya watoto hayana breki, na njiani jina la Mbuke lilidondoka, likabaki la dada. Yalifika makarasha kabla ya Jumapili, na ule mpango mzuri ukafa hapo. Mjomba Valerian akaogopa, akajua sasa ataletewa serikali. Akatangaza kwamba kuna rashi huko mbele, dhahabu imeibuka porini watu wanakimbilia, na yeye anakwenda huko na Blessing atakwenda naye kumpikia. Shule basi. Mama Blessing naye hasira yake ikaenda kwa Martina. Alifika ofisini kwa mwalimu mkuu, akasema mbele ya walimu kwamba huyo binti anawachimba watoto siri za nyumbani halafu anazitembeza. Mwalimu mkuu angefanya nini? Akasimamisha semina. Watoto wenyewe walishaanza kufunga midomo, nani atamwambia kitu mtu wa namna hiyo.

Martina alijitetea mara moja tu kwamba hakusema. Hawakumwamini. Na kweli, kwa hesabu za watu, siri ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao hawezi kujitangaza.

Sasa muone wivu unavyolipa. Mbuke akapata alichotaka. Dada yupo nyumbani mchana kutwa. Anapepeta mchele, anafua, anamsimulia Mbuke hadithi akiombwa, lakini anasimulia kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Mbuke akamwaga gunia lake lote la habari, kuku, bata, paredi, na Martina akaitikia "ehee" kila mahali, hata pale pasipotaka "ehee". Mbuke akachukua ufagio, akafagia uwanja alioufagia asubuhi.

Ijumaa ya wiki hiyo akarudi mbio kutoka shule. Nilikuwa nasugua mpini kwa kipande cha chupa. Akasimama mbele yangu bila shikamoo. Marselino, ambaye siku hiyo hakuwa na utani wowote, alikuwa amewaambia kwamba Blessing anaondoka kesho, mizigo inafungwa. Halafu Mbuke akanieleza yote, toka lile neno mwalimu mpaka kwenye kuni mpaka ubaoni. Sikumkemea. Mtoto aliyetapika mwenyewe humshindilii kijiti kooni. Nilimwambia tu, "Mimi siye wa kuambiwa haya. Twende."

Alijua nampeleka wapi. Njiani aliniuliza kama ningeweza kusema mimi kwa niaba yake. Nikamjibu mguu wangu mzee, namsindikiza tu.

Tukamkuta Mama Blessing kwenye chumba chao, jirani na banda lake la wali, anachagua mchele kwenye ungo. Nje pikipiki imesimama, Valerian anafunga godoro kwa kamba. Blessing amekaa kizingitini, hakutuangalia. Tulisalimiana, lakini kiti hatukupewa. Nikasema mjukuu wangu ana neno.

"Dada Martina hakusema," Mbuke akaanza. "Ni mimi. Nilijificha nyuma ya kuni nikawasikia. Nikasema darasani."

Mama Blessing akaweka ungo chini. "Blessing alikukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Sasa?"

"Dada alikuwa anamsikiliza yeye."

Yule mama akanyoosha kidole kwa binti yake pale kizingitini. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Akasema, "Mwanangu mikono inamtetemeka, kijiko kinamshinda. Na wewe ukamwonea wivu."

Mbuke akalia. Hakuna aliyembembeleza, hata mimi. Kuna machozi ya kuachiwa mwenyewe.

Nikageukia kule kwa Valerian, nikaona jambo. Ile kamba ilikuwa haifungiki. Anapitisha, inamponyoka, anapitisha tena. Sikumsema. Nilimfuata nikashika upande mmoja wa kamba, nikamuuliza polepole, hii mikono imeanza lini. Akasema ni baridi ya duarani, yaani mle shimoni wanamochimba dhahabu, chini kule kuna maji. Nikamuuliza, na Blessing yeye ameingia duara gani? Akaiangalia mikono yake, akamwangalia mpwa wake pale mlangoni. Valerian si mtu mbaya, wajukuu zangu. Ni mtu aliyekuwa hajui, na asiyejua ukimfokea anakimbia. Akaketi juu ya lile godoro.

Mama Blessing akamtuma Mbuke mwenyewe akamwite Martina. Alikwenda anakimbia. Sijui walisemeshana nini njiani, ila walifika wote macho mekundu. Martina akakaa na wale watu wawili mpaka mchele ukachelewa kupikwa na wateja wakaanza kugonga sahani. Godoro likafunguliwa.

Wiki iliyofuata walikwenda kituo cha afya, mjomba na mpwa, pamoja na afisa ustawi. Daktari akawaambia zebaki inaingia kwa ngozi, na ikichomwa inaingia kwa pumzi, na inashika mishipa ya fahamu. Akawakataza wote wawili kuigusa. Valerian sasa anabeba mawe, zebaki ameiacha, na mtoto amerudi shule, haingii tena makarasha. Kutetemeka kwa Blessing kumepungua, hakujaisha. Namba saba yake inasomeka.

Semina nazo zikarudi, baada ya Mama Blessing kwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Lakini Blessing alitoa sharti: Mbuke asimame darasani aseme alichofanya, wote wasikie, kama walivyosikia kile cha kwanza. Akasimama, akasema. Marselino akanong'ona, "Redio Mbuke, habari kamili." Aliyecheka wa kwanza alikuwa Blessing. Hawakuwa marafiki siku hiyo hiyo, msidanganywe. Ilichukua muda. Mpaka leo Blessing akitaka kumwambia kitu, anamuuliza kwanza kama redio imezimwa.

Martina naye, jioni ya siku ile ya godoro, alimkalisha mdogo wake kwenye mkeka. Akamwambia, "Ungeniambia tu kwamba umenikumbuka." Mbuke akasema aliona aibu, mtu unamkumbukaje wakati yupo. Martina akasema inawezekana, na ni kosa lake pia kurudi nyumbani masikio yamejaa.

Sasa ninyi mnaosoma, mimi darasani niliishia la tatu, lakini hili nawaambia. Wivu una jicho moja. Unaona alichopewa mwenzako, hauoni anachokosa. Na siri ya mtu hata ukiisikia kwa bahati mbaya bado ni yake, huna ruhusa ya kuigawa. Ikiwa ni siri inayomuumiza, mpelekee mtu mzima unayemwamini, siyo darasa.

Na wivu utawashika, wote unatushika, hata mimi na mvi hizi. Ukikushika usimtafute wa kumuumiza. Nenda kwa yule unayemtaka, umwambie nimekukumbuka. Inatia aibu kidogo, lakini hakuna mtoto aliyeacha shule kwa ajili ya neno hilo.