Akiba ya Siku Mbaya

Jumatatu asubuhi Edith, mtunza fedha wa kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu pale Awendo, alifungua sefu mbele ya bosi wake Metrine na kukuta rafu tupu. Akiba yote ya kiwanda, milioni kumi na nane taslimu, haikuwepo. Sefu yenyewe haikuwa imevunjwa.

Inspekta Robi alifika kutoka Migori kabla ya saa nne. Funguo zilikuwa mbili: moja ya Edith, nyingine ya Mzee Wesley, kaka yake Metrine na mwenye nusu ya kiwanda. Lakini Mzee Wesley alikuwa amemzika mwanawe Cliff siku ya Ijumaa huko kwao Ndhiwa. Nani angemshuku baba mwenye msiba? Alikaa kwenye kona ya ofisi, kichwa kimenyolewa, hata nyusi hazikuwepo, akitazama sakafu. Robi, Mkuria wa Ntimaru asiyejua sana mila za Waluo, alimpa pole na kuona haya kumsumbua kwa maswali.

"Uliondoka matangani lini?" alimuuliza Edith.

"Jumamosi mchana, afande. Mtoto alikuwa na homa."

"Hukupitia hapa?"

"Hapana. Nilienda straight nyumbani."

"Nani alikuona?"

"Ni mtoto tu."

Metrine aliangalia kando. Edith alikuwa mjane, na wote mle ndani walijua kwamba jioni huenda angelala seli, na hakuna kiwanda ambacho kingemwamini tena na ufunguo. Mlinzi naye aliapa hakuona mtu, kisha akakiri kwamba Jumapili asubuhi aliacha geti akaenda kanisani. Sasa washukiwa wakawa wawili.

Robi aliomba kuonyeshwa kiwanda. Walter, msimamizi wa tanuri, alimpeleka mpaka mahali Cliff alipoangukiwa na chungu cha chuma cha moto mnyororo ulipokatika. Mnyororo ule ule ulikuwa ungali unaning'inia, umeungwa kwa waya. Robi aliutazama.

"Tumeomba mpya miaka mingi," Walter alisema. "Mzee anasema hiyo pesa ni ya siku mbaya. Hata Cliff mwenyewe alimwomba."

Robi aliegemea tanuri, akatoa mkono haraka. Matofali yalikuwa na joto.

"Mliwasha lini?"

"Tangu Cliff afe hatujawasha." Walter aliyagusa mwenyewe. "Afande, hii mtu amewasha jana."

"Edith anaweza?"

"Edith hata feni ya kupulizia moto hajui iko wapi. Na ukifungua huo mlango bila kinyago, moto unakulamba uso. Mimi nikianza kazi nilipoteza nyusi zote."

Robi alimgeukia. "Walter, nyinyi mkifiwa mnanyoa na nyusi?"

"Kichwa tu. Nyusi tunyoe za nini?"

Walirudi ofisini pamoja.

"Mzee," Robi alisema polepole, "jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Alijifungia kwa nyumba yake Ndhiwa," Metrine alidakia. "Tulimwacha apumzike."

"Nani alimwona?"

Metrine aligeuka kumtazama kaka yake. Wote walikuwa wameangalia nani kaondoka matangani, na baba wa marehemu hakuna aliyemfikiria.

Mzee Wesley alipitisha kidole pale nyusi zilipokuwa. "Mwache Edith aende kwa mtoto wake," alisema. "Pesa nimechoma. Yote."

"Nusu ilikuwa yangu, Wesley," Metrine alisema. "Na ungeacha Edith afungwe?"

"Nilikuwa nangoja nguvu ya kusema. Haikukuja." Alivuta pumzi. "Mnyororo ulikuwa laki mbili. Cliff alisimama hapo ulipo akaniambia, baba, toa laki mbili tu. Nikamwambia tungoje, siku mbaya inaweza kuja. Sasa nimezika nyathina, mtoto wangu, na zile pesa zimekaa tu kwa sefu, hakuna hata noti moja imeguswa. Sikuweza kuishi nazo."

Robi alitoa pingu, akazirudisha mfukoni. Alimshika mzee mkono, wakatoka kupitia kiwandani.

Walter alikuwa amesimama chini ya mnyororo. Alivua kofia kwa heshima.

"Pole, Mzee," alisema. "Lakini sisi wenye tumebaki, mnyororo mpya tutanunua na nini?"

Mzee Wesley aliinua macho akauona ule waya. Tangu mazishi hakuna aliyemwona akitoa chozi. Sasa akaanza kulia.