Mama Aliyefariki kwenye Blogu

Kila siku akitoka shuleni, Beverlyne alivua sare, akachota maji, akamkatia ng'ombe majani, kisha akamwomba mama yake simu. Mama yake, Nyanchera, aliitoa mfukoni mwa aproni huku akisema maneno yale yale: "Usinimalizie chaji." Waliishi Ikonge, katika nyumba iliyozungukwa na mashamba ya chai, na simu yenye intaneti nyumbani ilikuwa hiyo moja tu.

Beverlyne alikuwa Gredi ya Saba. Mwalimu Masese, mlezi wa chama cha uandishi, alikuwa amemfungulia kila mwanachama blogu yake, na kila Ijumaa walichapisha makala kuhusu maisha yao. Aliwaruhusu kutumia msaidizi wa akili unde kupanga mawazo. "Akupangie, lakini asikutungie," aliwaonya. "Yeye hajawahi kufika kwenu."

Makala za Beverlyne hazikuwa na wasomaji ila Mwalimu na rafiki yake Sharon, tena Sharon alisoma kwa kulazimishwa. Lakini Sharon alipoandika kuhusu mbwa wao aliyepotea, maoni yalimiminika. Watu wakampa pole hadi kutoka Keroka. Beverlyne alijidai kufurahi, ilhali alikuwa akiyahesabu maoni hayo kwa wivu.

Ijumaa iliyofuata aliketi kitandani, akamwandikia msaidizi maelezo haraka haraka. Kiswahili kwake kilikuwa cha shuleni. Nyumbani walizungumza Ekegusii, na katika Ekegusii mama huitwa "baba", naye baba huitwa "tata". Basi vidole vikafuata ulimi ulivyozoea: "Baba huamka mapema kuliko wote. Baba hukamua ng'ombe, huchuma chai, hupika. Tata hulala mchana."

Msaidizi alimpangia makala mara moja. Kulikuwa na mwanzo, asubuhi ya baba, kazi za baba, mdogo wako Tata anayelala mchana, na mwisho wa kutia moyo. Kichwa alichopendekeza kilikuwa "Baba Aliyebeba Mzigo wa Wawili." Chini yake akauliza: "Sijaona mama akitajwa katika maelezo yako. Je, yupo? Nisingependa kukosea kuhusu familia yako."

Beverlyne alicheka hadi akashika mbavu. Baba yake, Mzee Anyona, mlinzi wa usiku kiwandani, mwenye masharubu mazito, amegeuzwa mtoto mchanga! Akaanza kuandika masahihisho. Kisha akakisoma kile kichwa tena. Kilikuwa kitamu. Kilimshinda mbwa wa Sharon kwa mbali. Akafuta masahihisho yake, akaandika, "Endelea hivyo hivyo."

Hapo ndipo panapoudhi. Mtoto aliulizwa swali la wazi, tena kwa adabu, na jibu lake lilikuwa jikoni likimsongea ugali. Akaliruka. Wala hakuishia hapo. Alipokuwa akiujaza mpangilio ule, alitia sentensi ambayo msaidizi hakuitunga wala kuiomba: "Tangu mama atuache, baba ndiye kila kitu kwetu." Akabonyeza kitufe, makala ikaenda.

Pole zilianza kuingia kabla ugali haujapoa. Alizisoma moja baada ya nyingine hadi simu ikazimika. Muda mfupi baadaye umeme ukapotea Ikonge nzima, simu ikakaa bila chaji. Jumamosi walishinda kanisani, na Beverlyne aliimba nyimbo za Sabato kwa sauti ya mtu asiye na deni na yeyote.

Jumapili asubuhi kilio kilisikika barabarani.

"Nyanchera ee! Dada yangu ee! Umeniachia nani?"

Alikuwa Persis, mdogo wake Nyanchera, anayefanya biashara Nyakoe. Nyuma yake walikuja wanawake wa kikundi chake wamebeba sukari, unga na ndizi za matanga, nao wanalia. Nyanchera alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba. Alikuja mbio, shuka mbichi mkononi.

"Persis! Nani amekufa?"

Persis aliganda. Pakiti ya unga ikamponyoka, ikapasuka miguuni pake.

"Ni wewe!" alisema.

"Mimi?"

"Napiga simu tangu juzi, haipatikani! Nimelia mpaka sauti imekauka, na wewe unaanika nguo!" Alimkumbatia dada yake, akamsukuma kwa hasira, kisha akamkumbatia tena. Halafu akatoa simu yake, akamwonyesha ile makala aliyotumiwa Ijumaa.

Nyanchera hakuisoma. Alimwita Beverlyne, akamkabidhi simu. "Soma. Kwa sauti, wageni wasikie."

Beverlyne alianza kusoma. Alipofika kwa "mdogo wangu Tata ambaye hulala mchana kutwa," Mzee Anyona, aliyeamshwa na vilio, alikuwa amesimama mlangoni na blanketi mabegani.

"Mdogo wa nani?" akauliza.

Mwanamke mmoja aliangua kicheko. Nyanchera alimtazama mara moja tu, kicheko kikafa.

"Mama, sikuandika kwamba umekufa," Beverlyne alijitetea. "Niliandika umetuacha."

"Nimewaacha nikaenda wapi? Katika Kiswahili chenu cha shule, mtu akiwaacha ameenda sokoni?"

"Ni ile akili unde, mama. Haikujua ninaandika kama tunavyosema nyumbani. Ilidhani baba ni baba."

"Na haikukuuliza?" Persis alidakia.

Beverlyne aliinamisha kichwa. Angeweza kudanganya tena, lakini macho yote yalikuwa kwake. "Iliniuliza, mama mdogo. Iliuliza kama mama yupo."

"Ukajibu nini?"

"Endelea hivyo hivyo."

Nyanchera aliitupa ile shuka chini, juu ya unga. "Nilikuwa jikoni!" alifoka, sauti ikampasuka. "Nilikuwa jikoni nakupikia wewe! Tazama mikono hii. Imechanika kwa kuchuma chai ya karo yako. Kazi yangu yote umempa mtu aliyelala!"

"Mimi nakesha kazini," Mzee Anyona alinong'ona.

"Wewe nyamaza, umeshaambiwa ni mtoto."

Nyanchera aliingia jikoni, akafunga mlango. Kwa saa nyingi hakusema neno na binti yake. Aliwapikia wageni ndizi zao wenyewe za matanga, akawapakulia, akampakulia na Beverlyne, bila kumtazama. Beverlyne alitamani achapwe, yaishe. Alijua sasa jinsi nyumba inavyokuwa mama asipoongea nawe.

Mchana aliazima simu ya Persis. Kwanza aliifuta makala. Kisha akamwandikia msaidizi: "Baba niliyekutajia ni mama yangu. Yuko hai. Nilijua umekosea, nikanyamaza. Nipangie makala ya kuomba radhi."

Msaidizi alimjibu: "Umefanya vizuri kusema ukweli. Naweza kukupangia. Lakini mama yako ndiye aliyeumizwa, kwa hiyo mwombe radhi yeye kwanza, na umwulize kama anakubali kuandikwa."

Beverlyne alimfuata mama yake jikoni, akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilitaka watu wanisome, nikakutoa wewe. Makala nimeifuta. Nataka kuandika ukweli, lakini ukikataa sitaandika."

Nyanchera aliendelea kusugua sufuria. Alilisugua kwa nguvu, kama kwamba ndilo lililomkosea, mpaka likang'aa. Hatimaye akalifunika.

"Sikia," alisema. "Hiyo mashine sina ugomvi nayo. Hainijui, na iliposhindwa ikauliza. Wewe ndiye unayenijua. Mtu akikuuliza jambo unalolijua, ukamwacha apotee kwa sababu upotevu wake unakufaa, umedanganya wewe, si yeye. Tumia chochote kukusaidia kupanga. Ila ukweli lazima uutie mwenyewe, maana hakuna mwingine atakayekutilia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi andika. Na kesho utamsomea Mwalimu Masese mbele ya wenzako wote, usiruke hata neno."

Beverlyne aliandika akiwa ameketi kwenye kigoda kando ya meko. Alieleza lile neno moja lililochanganya mambo, na jinsi yeye mwenyewe alivyoliacha lichanganye. Aliitaja sentensi ya "tangu mama atuache" kuwa ni yake. Alimwuliza mama yake habari za kazi zake, na akashangaa kwamba hakuwa amewahi kumwuliza. Mpangilio ukavurugika, sehemu ya chai ikawa ndefu kuliko zote, naye akauacha hivyo. Akachapisha.

Nyanchera alipangusa mikono kwenye aproni. "Lete hiyo simu. Hao waliotoa pole wanaandika wapi?"

Beverlyne alimwonyesha sehemu ya maoni chini ya makala mpya. Mama yake, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, aliandika kwa kidole kimoja, polepole, midomo ikicheza, wala hakuruhusu mtu amsahihishe. Alipomaliza alirudisha simu, akaenda kukamua ng'ombe. Beverlyne alisoma, machozi yakamtoka:

"Mimi ndio mama yake. Mimi iko. Sijaenda mahali."